Lebo ya Chupa

Niliibeba kutoka Arusha
nimeiviringisha kwenye kitenge, katikati ya viatu vya watoto.
Hoteli ilikuwa inabadilisha orodha ya vinywaji;
meneja akasema, Kandida, chukua hiyo moja,
miaka kumi na mmoja umewamiminia wengine.

Tarehe ishirini na nne Desemba. Kibosho imejaa magari,
na kila mgomba una mwenyewe
aliyerudi kuuhesabu.

Baba aliitazama chupa kama mtu atazamaye barua ya mahakama.
"Divai," akasema.
Hakusema mvinyo, kama tulivyofundishwa shuleni,
wala waini, kama wasemavyo wageni wangu.
Divai: neno la mapadre, neno la sakristia,
alilolilamba kwa siri akiwa mtumishi wa altare
akachapwa fimbo sita, na ya saba kwa kucheka.

Friji hatuna. Niliilaza kwenye mfongo
pale maji yanapokata kona kuingia migombani,
nikaiegemeza jiwe. Saa nzima
baridi ya mlima ilipita juu yake.
Nilipoitoa, lebo ilikuwa imelegea gundi,
ikabaki kwenye kiganja cha baba
kama jani.

Tulinywa kwa bilauri za chai.
Rangi ya majani makavu ya mgomba jua likiwa nyuma yake.
Nikaanza hotuba yangu ya kazini: aprikoti,
ua la mchungwa, lozi mbichi.
Matunda ambayo nimeyataja mara elfu
na sijawahi kuyashika.
"Tena ina mwili," nikasema. "Mnene."
Baba akacheka mpaka akaishika meza.
"Mwili! Mbege ya mama yako ina mwili na mifupa,
unaitafuna ulezi wake kesho yake."

Kisha akanyamaza. Akainusa tena,
pua yote ndani ya bilauri.
"Hili ni ua la kahawa," akasema.
"Siku ya pili baada ya mvua.
Kile kipande cha chini, ng'ambo ya mfongo,
kabla hatujang'oa miche ya zamani.
Na asali ya wale nyuki wadogo wasiouma."
Nikanusa. Kweli lilikuwa ua la kahawa.
Miaka kumi na mmoja nimewadanganya watu kwa heshima.

"Imeandikwa nini?" Kiganja kikanyooshwa,
lebo ingali imekibandika.
Kaka yangu Prosperi akaacha kukata nyama.
Nikasoma: jina la kilima, jina la mwaka,
shamba la ukoo, kizazi cha sita.
Halafu jina la mzee mmoja,
na chini yake, kwa herufi ndogo za mteremko,
*na binti zake*.

"Na wanawe," Prosperi akanisahihisha,
yeye asiyejua Kifaransa hata cha kuomba maji.
"Binti zake," nikasema.
Sikuongeza kitu. Kihamba kilikwisha kugawanywa
Pasaka ile niliyokuwa zamu ya usiku,
nikapigiwa simu kuambiwa kwamba yote yamekwenda vizuri.

Mama akakoleza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.
Baba akauliza kama huko hawana watoto wa kiume.
Nikasema sijui, baba. Lebo haijasema.
Akamimina tone moja sakafuni, akalifuata kwa macho,
akamaliza la kwake kwa mikupuo mitatu
bila kusifu.

Alfajiri nilimwona kutoka dirishani,
koti juu ya nguo za kulalia,
amesimama kwenye mpaka wa chini.
Alikuwa ameshika shina moja la isale,
mzizi bado una udongo,
hakuling'oa zaidi, hakulirudisha,
kama mtu aliyeingia chumbani
akasahau alichofuata.

Lebo niliikuta jikoni, imeanikwa juu ya sufuria iliyofunikwa,
pembe zake zimekandamizwa kwa punje nne za mahindi.
Na mama, akisuuza bilauri,
akauliza, bila kugeuka,
kama hiyo chupa
ina mwenyewe.